Flashi moja, mifumo minne: Huduma ya kwanza kwa kompyuta ya nyumbani

Nyumba nyingi zina dawa ya maumivu, plasta na kipimajoto kabatini. Ni chache zenye kitu cha kuisaidia kompyuta siku inapogoma kuwaka. Na siku hiyo huja, mara nyingi katika wiki ambayo mtoto ana kazi ya shule ya kukabidhi.

Kompyuta yenyewe inaweza kuwa imechakaa na haina thamani kubwa sokoni. Kilicho ndani ndicho cha thamani: picha za marehemu bibi, video ya ubatizo au ya akika, nakala za vyeti vya kuzaliwa, hesabu za biashara ndogo ya mama, na maelezo ya masomo ya miaka minne ya sekondari.

Mazungumzo kwenye duka la fundi huwa mafupi.

“Mama, Windows yake imekufa. Tunapiga mpya, kesho unakuja kuichukua.”

“Na vitu vilivyomo, fundi?”

“Kama hukuwa na nakala, hivyo tena basi.”

Fundi hana nia mbaya. Ana kompyuta nyingine kumi mezani, na njia ya haraka ya kumaliza kazi ni kufuta diski na kuanza upya. Hajui kwamba folda iliyoandikwa “Desemba” ndiyo yenye picha za mwisho za babu. Wa kujua hilo ni wewe, na hatua ya kuziokoa ni lazima itangulie kabla ya kompyuta kutoka nyumbani.

Hatua hiyo inawezekana kwa flashi moja iliyoandaliwa vizuri. Haihitaji usomee kompyuta. Inahitaji Jumamosi moja, bando la kutosha na kijana wa sekondari wa kukaa naye.

Flashi hii inafanyaje kazi?

Kompyuta ikiwashwa hutafuta mfumo endeshi, yaani programu mama inayoendesha nyingine zote. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo. Kwa kawaida kompyuta huutafuta kwenye diski yake ya ndani. Ukiharibika hapo, unabaki na kioo cheusi au maandishi usiyoyaelewa.

Lakini kompyuta inaweza kuelekezwa itafute kwingine. Ipo mifumo iliyotengenezwa ifanye kazi yote ikiwa kwenye flashi, ikitumia kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani RAM, na kuiacha diski ya ndani kama ilivyo mpaka wewe mwenyewe uiguse. Huitwa mifumo ya laivu. Ukizima na kuchomoa flashi, kompyuta inarudi ilivyokuwa.

Wazo hili lina zaidi ya miaka 20. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima uliokaa kwenye CD moja ya MB 700. Mwaka 2004 ukaja Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa hadi 2011 CD zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Jina lake halihitaji mkalimani kwetu: ubuntu ni utu.

Shida ya enzi hizo ilikuwa kwamba CD moja ilibeba mfumo mmoja. Aliyetaka kuweka mingi kwenye DVD moja alilazimika kuandika menyu yake kwa mkono, mstari kwa mstari, na herufi moja ikikosewa mfumo hauwaki. Sasa ipo programu ya bure iitwayo Ventoy, iliyotoka mwaka 2020, inayoondoa usumbufu huo. Unaiweka kwenye flashi mara moja, kisha unanakili mafaili ya mifumo kama unavyonakili nyimbo. Flashi ikiwashwa, Ventoy yenyewe inaonyesha orodha nawe unachagua.

Weka nini ndani?

Usijaze kila unachokikuta mtandaoni. Kabati la dawa lenye chupa 40 halimsaidii mama saa nane ya usiku. Mifumo minne inatosha, kila mmoja na kazi yake.

Wa kwanza ni Linux Mint, toleo la Xfce. Huu ndio wa kutumia mara nyingi. Unafanana na Windows ya zamani kwa sura, una programu ya kuandikia barua na kazi za shule, kivinjari cha intaneti na sehemu ya kufungulia picha. Faili lake ni takriban GB 3. Unataka RAM ya GB 2 angalau, na GB 4 ili uende vizuri.

Wa pili ni antiX, kwa kompyuta kongwe. Mashine yenye RAM ya GB 1 ambayo Mint inailemea, antiX inaiamsha. Una pia toleo la biti 32 kwa zile za zamani sana ambazo Mint haiwezi kuziwasha kabisa. Faili halifiki GB 2.

Wa tatu ni Clonezilla, uliotengenezwa Taiwan. Kazi yake ni kuchukua picha ya diski nzima, pamoja na Windows na kila kitu, na kuihifadhi kwenye diski ya nje. Hauna madirisha ya kupendeza na unahitaji utulivu, kwa sababu ukichanganya diski ya kutoa na ya kupokea unaweza kufuta ulichotaka kukiokoa. Mwachie mtu mzima.

Wa nne ni Memtest86+, faili dogo la MB chache tu. Unapima RAM. Kompyuta inayojizima ovyo au kuonyesha kioo cha buluu kila mara inaweza kuwa na RAM mbovu, na hakuna Windows mpya itakayoiponya. Uache uzunguke usiku kucha. Maandishi mekundu ya makosa yakitokea, umepata mgonjwa wako.

Ukitaka, ongeza faili la kusakinishia Windows lililopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft. Hilo si la laivu, lakini linakaa humo humo bila ugomvi. Kwa mifumo minne flashi ya GB 16 inatosha. Ukiongeza Windows, chukua GB 32.

Tahadhari moja ya sokoni: flashi ya bei ya kutupa inayodai kubeba TB 2 karibu kila mara ni ya uongo. Huonyesha ukubwa huo kwenye kioo, kisha mafaili yanaharibika kimya kimya. Kuna programu ya bure, H2testw, inayopima ukubwa wa kweli. Itumie kabla ya kuikabidhi flashi kazi yoyote.

Kuitengeneza hatua kwa hatua

Kazi hii hufanywa kwenye kompyuta nzima, wakati hakuna dharura. Anayesubiri kompyuta ife ndipo aanze kutafuta dawa atalazimika kuazima ya jirani.

Pakua Ventoy kwenye tovuti yake, ventoy.net, kisha pakua kila mfumo kwenye tovuti ya watengenezaji wake. Jumla ya mifumo minne ni karibu GB 6, kwa hiyo subiri bando la usiku au tumia Wi-Fi ya ofisini kama umeruhusiwa. Mifumo hii minne ni programu huria: aliyekwisha kuipakua anaweza kukunakilia bila kuvunja sheria yoyote.

Hakikisha faili ni lenyewe. Februari 2016 wahalifu waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuelekeza watu kwenye faili lililotiwa mlango wa siri. Watengenezaji waligundua haraka na kuwatangazia watumiaji, na namna ya kujua kama faili lako ni salama ilikuwa kulinganisha alama zake. Tovuti ya kila mfumo huandika alama hizo, mfululizo wa herufi na tarakimu 64 uitwao SHA256. Kwenye Windows, andika cmd sehemu ya kutafutia, kisha kwenye dirisha jeusi andika certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256. Herufi zikilingana, endelea. Moja ikitofautiana, futa faili upakue upya. Faili ulilopewa na jirani lipime kwa njia hiyo hiyo.

Chomeka flashi, fungua programu ya Ventoy2Disk, chagua flashi yako kwenye orodha, kisha bonyeza Install. Hapa simama usome mara mbili. Kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutwa, na programu itakuuliza mara mbili kama una uhakika. Kama umechomeka flashi mbili au diski ya nje, chomoa zote ubaki na moja tu. Ajali nyingi za kazi hii hutokea hapa.

Ikimaliza, flashi itaonekana tupu kama flashi ya kawaida. Nakili mafaili manne ya mifumo, yale yanayoishia na .iso. Usiyafungue wala kuyatoa yaliyomo, yaache yalivyo. Kwa hatua hiyo kazi imekwisha. Mwaka ujao likitoka toleo jipya, unafuta faili la zamani na kunakili jipya.

Siku ya kuitumia

Chomeka flashi kompyuta ikiwa imezimwa. Washa, na papo hapo bonyeza mfululizo kitufe cha kuchagulia pa kuwakia. Kwenye Lenovo na Dell nyingi ni F12, kwenye HP ni Esc kisha F9, na kwenye ASUS ni Esc au F8. Chagua flashi, na menyu ya Ventoy itajitokeza. Kompyuta mpya za Apple, zile zenye chipu za M, haziwaki kwa njia hii.

Kompyuta zenye ulinzi wa Secure Boot zinaweza kuonyesha kioo cha buluu mara ya kwanza. Chagua kuandikisha ufunguo kutoka kwenye diski, ingia VTOYEFI, chagua faili linaloanza na ENROLL_THIS_KEY, thibitisha, kisha washa upya. Hufanywa mara moja kwa kila kompyuta.

Ukichagua Mint, subiri dakika chache mpaka meza ya kazi itokee. Kwenye meza hiyo kuna alama ya kusakinisha Linux Mint. Usiiguse, na mwambie mtoto asiiguse. Hiyo ndiyo njia ya kuuhamishia mfumo kwenye diski ya ndani, na ukiipitia bila kusoma unaweza kufuta Windows na picha zote ulizokuja kuziokoa.

Fungua sehemu ya mafaili. Upande wa kushoto utaona diski ya ndani. Ingia Users, kisha jina lako, na hapo ziko folda zako: picha, nyaraka, vilivyopakuliwa na vilivyokuwa juu ya meza ya Windows. Chomeka diski ya nje au flashi ya pili, unakili. Usitegemee kuhifadhi kwenye flashi ile ile iliyowasha kompyuta, na usiache kitu kwenye meza ya Mint: ukizima, kinatoweka.

Diski ikigoma kufunguka au ikikubali kusomwa tu, huenda Windows haikuzimwa kabisa bali ililala. Kusomwa tu kunakutosha kwa kunakili. Kama Windows bado inawaka, izime huku umeshikilia kitufe cha Shift, kisha ujaribu tena.

Ukisikia diski inagonga tik-tik-tik, zima mara moja. Hiyo inakufa kimwili, na kila dakika ya kuilazimisha inapunguza kinachoweza kuokolewa. Hapo tafuta mtaalamu wa kuokoa data, umweleze kwamba hujaigusa zaidi.

Jaribio hili linakupa pia maneno ya kumwambia fundi. Kama Mint inawaka vizuri, kioo ni kizuri na intaneti inashika, basi tatizo liko kwenye Windows au kwenye diski. Mtu akikuambia ubao mama umeungua, unayo sababu ya kumuuliza maswali. Na picha zikiwa tayari zimo mkononi mwako, fundi apige Windows atakavyo.

Upande ambao mzazi asiufumbie macho

Soma tena ulichofanya hapo juu. Umeingia kwenye mafaili yote ya kompyuta, na hakuna aliyekuuliza nywila ya Windows.

Hivyo ndivyo ilivyo. Nywila ya kuingilia Windows hulinda mlango wa mbele tu. Mwenye flashi ya laivu hupita dirishani, akasoma nyaraka zako, mradi diski haijafungwa kwa usimbaji. Kompyuta uliyoiuza au kuigawa bila kuisafisha iko wazi namna hiyo hiyo.

Kwa wazazi kuna la ziada. Vizuizi ulivyoweka ndani ya Windows, muda wa kutumia kompyuta na tovuti ulizofunga, havifanyi kazi mtoto anapowasha Mint, kwa sababu Windows yenyewe haijawaka. Kijana wa miaka 14 anaweza kuligundua hili kabla yako. Ni afadhali alijue kutoka kwako, mkiwa mezani pamoja, kuliko alifiche.

Dawa ya kwanza ni kufunga diski kwa usimbaji. Kompyuta nyingi za karibuni zenye Windows tayari zina BitLocker au ndugu yake, na zimefungwa bila wenyewe kujua. Hii ni salama, lakini ina masharti: ukitaka kuokoa mafaili utahitaji ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa kompyuta. Utafute leo, kompyuta ingali hai, uuandike kwenye daftari pamoja na namba muhimu za familia. Tena usianze kubadili mipangilio ya Secure Boot kabla ya kuwa nao, maana Windows inaweza kukudai ufunguo huo mara itakapowaka.

Dawa ya pili ni ya malezi. Weka vizuizi vya intaneti kwenye ruta ya nyumbani kama ipo, ambako vinafanya kazi kwa mfumo wowote. Flashi yenyewe ikae kwa mzazi, kama ufunguo wa kabati la dawa.

Mpe mtoto kazi, usimpe onyo tu

Mtoto akiwa upande wako, flashi hii ni darasa la bei nafuu. Kwenye Mint ya laivu anaweza kubonyeza, kubadilisha rangi, kufungua mipangilio na kukosea, kisha mkazima na kila kosa likafutika. Sharti ni mbili: asiguse alama ya kusakinisha, na asifute chochote kwenye diski ya ndani.

Mwache yeye ndiye alinganishe zile herufi 64, ndiye asome kitufe sahihi cha kuwashia, ndiye aandike kwenye karatasi hatua za kuokoa picha kwa maneno yake. Wewe shika jukumu la kuthibitisha kabla ya kila kitufe kinachofuta. Atajifunza kitu ambacho somo la TEHAMA la ubaoni halimfundishi kirahisi: kwamba kompyuta ni vipande vinavyotenganishika, na kinachoharibika kinaweza kutafutwa kimoja kimoja kwa subira.

Flashi hii inasaidia pia familia zenye kompyuta ambazo Windows 11 imezikataa. Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na wanaojiandikisha kwa nyongeza ya watumiaji wa nyumbani wamepewa hadi Oktoba 2026. Kabla ya kuamua kununua kompyuta nyingine, washeni Mint kwa flashi na mwendelee nayo wikiendi nzima. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inachapa? Kazi za shule zinafunguka? Ikiwa majibu ni ndiyo, huenda kompyuta hiyo ina miaka mingine ya kumsomesha mdogo wake. Ikiwa ni hapana, mmejua bila kufuta chochote.

Mkimaliza, iwasheni flashi mara moja kwenye kila kompyuta ya nyumbani ili mhakikishe inafanya kazi, na mwandike kitufe cha kila moja. Bandika karatasi yenye neno “HUDUMA YA KWANZA” na tarehe mliyoitengeneza. Iwekeni pamoja na diski ya nje yenye nafasi ya kupokea picha. Kisha, kwa kuwa kompyuta bado inawaka, anzeni kunakili picha zenu jioni hii hii.